Picha Bila Sauti: Historia ya Ukimya katika Televisheni ya Kompyuta

Kompyuta inayotumiwa kama televisheni ya sebuleni ina ugonjwa mmoja unaojulikana sana: picha inaonekana vizuri, midomo ya msomaji wa habari inacheza, lakini sauti haisikiki. Mwenye kompyuta hukagua spika, waya na kitufe cha sauti, akakuta vyote ni vizima. Akicheza wimbo katika kompyuta hiyohiyo, sauti inatoka. Akirudi kwenye chaneli ya televisheni, kimya. Mafundi wameuandikia ugonjwa huu maelekezo mengi, na insha hii haikusudii kuongeza mengine. Swali langu ni la kihistoria: kwa nini kinachopotea ni sauti na si picha?

Jibu nitakalolitetea ni kwamba ukimya huo, mara nyingi, hautokani na ubovu wa kifaa wala ujinga wa mtumiaji. Unatokana na maamuzi ya miaka ya 1990, wakati dunia ilipokubaliana kuhusu namna ya kubana picha za televisheni ya dijitali lakini ikashindwa kukubaliana kuhusu sauti. Baada ya hapo likaja swali la pili, la nani atalipa mirabaha ya hataza, na majibu yake ndiyo yaliyoamua ni kompyuta gani itasikia na ipi itakuwa kiziwi.

Niseme neno kuhusu istilahi, kwa kuwa wasomaji wa mkusanyo huu ni watu wa lugha. Tanzania imetuzoesha neno king'amuzi, kutokana na kitenzi kung'amua, kwa maana ya kile kiboksi kinachokaa chini ya televisheni. Nitalitumia kwa maana hiyo tu. Kipande cha programu au chipu kinachofungua data iliyobanwa na kuirudisha kuwa sauti au picha nitakiita kisimbuzi. Tofauti hii ni muhimu kwa hoja yangu: king'amuzi kimoja huwa na visimbuzi kadhaa ndani yake, na mnunuzi havioni.

Mgawanyiko wenyewe ni wa zamani kuliko dijitali. Katika televisheni ya analojia, picha na sauti zilisafiri hewani pamoja lakini kila moja kwa wimbi lake, na nchi zilipanga umbali kati ya mawimbi hayo kwa namna tofauti. Katika mfumo wa PAL B, uliotumika Kenya, Uganda na Tanzania Bara, sauti ilikaa megahezi 5.5 juu ya picha. Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongo miwili kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote, ilichukua PAL I kama Uingereza, na huko umbali ulikuwa megahezi 6.0. Kwetu Burundi, ambako televisheni ilianza mwaka 1984, na kwa majirani zetu wa Zaire ya wakati huo, ulikuja mfumo wa Kifaransa wa SECAM K1, wenye umbali wa megahezi 6.5.

Maana yake ni nini? Seti iliyotengenezwa kwa PAL B pekee ikivushwa kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ingeweza kuonyesha picha ya rangi bila taabu, kisha ikatoa mkwaruzo au ikanyamaza kabisa, kwa sababu iliitafuta sauti mahali isipokuwepo. Seti hiyohiyo ikiletwa Bujumbura ingeonyesha picha isiyo na rangi, nayo kimya vilevile. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba Mzanzibari na Mrundi wasisikie seti ya Dar es Salaam. Kila nchi ilirithi tu kile ambacho mshauri wake wa kigeni, au mtawala wake wa zamani, alikuwa amekizoea. Ndiyo maana seti za mifumo mingi zilikuwa na maana ya pekee katika ukanda wetu.

Kompyuta iliingia katika hadithi hii katikati ya miaka ya 1990. Kadi nyingi za televisheni za wakati ule zilijengwa juu ya chipu ya Brooktree Bt848, na baadaye Bt878. Kazi ya chipu hiyo ilikuwa picha. Sauti haikupita katika kompyuta kama data. Kwa kadi nyingi ilitoka kwa waya mfupi uliochomekwa kwenye kadi ya sauti, kama vile kompyuta ni redio inayounganishwa na spika ya jirani. Ukimya wa siku hizo ulikuwa wa kimwili. Waya umechomekwa kwenye tundu la maikrofoni badala ya tundu la kuingizia sauti. Au tundu ni lenyewe, ila limenyamazishwa katika programu ya kuchanganya sauti. Au nchi iliyochaguliwa katika mipangilio siyo, na kadi inaitafuta sauti kwenye 6.0 ilhali iko 5.5. Fundi mwenye subira aliyamaliza yote haya kwa vidole na macho. Ukimya uliofuata haukumalizwa hivyo.

Ili kuuelewa, turudi nyuma hadi Mei 1988, kundi la MPEG lilipokutana kwa mara ya kwanza mjini Ottawa, Kanada. Waanzilishi wake walikuwa Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani. Haja ya kubana ilikuwa wazi. Sauti ya stereo ya diski ya CD huhitaji biti milioni 1.4 kwa kila sekunde, na kwa televisheni huo ni ubadhirifu, maana nafasi hewani ni finyu na picha yenyewe inahitaji sehemu kubwa. Kiwango cha kwanza cha kundi hilo, MPEG-1, kilikuwa na njia tatu za kubana sauti, zikaitwa Tabaka la I, la II na la III. La III tunalijua sote kwa jina la MP3. La II halina umaarufu huo, lakini ndilo litakalotuhusu. Lilitokana na mfumo ulioitwa MUSICAM, uliobuniwa na taasisi ya CCETT ya Ufaransa, IRT ya Ujerumani na kampuni ya Philips ya Uholanzi kwa ajili ya redio ya dijitali. Kwa kifupi, lilikuwa zao la Ulaya.

Upande wa picha, kundi hilo lilitoa MPEG-2, nayo ikakubalika karibu kila mahali. Marekani waliichukua, Ulaya wakaichukua, Japani wakaichukua. Umoja wa namna hiyo ni nadra katika historia ya televisheni, hasa tukikumbuka vita vya miaka ya 1960 kati ya PAL, SECAM na NTSC. Kwa sauti, umoja huo haukupatikana.

Nitakaa kidogo Marekani, maana huko ndiko njia zilikoachana. Mwaka 1987 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliunda kamati ya kuishauri kuhusu televisheni ya kizazi kipya. Kufikia mwanzoni mwa 1993 mifumo ya dijitali iliyobaki katika mashindano ilikuwa minne, na wenye mifumo hiyo wakashawishiwa kuungana badala ya kuendelea kushindana. Mei 1993 ukazaliwa muungano ulioitwa Grand Alliance, wenye washiriki saba: AT&T, General Instrument, chuo cha MIT, Philips, Sarnoff, Thomson na Zenith. Muungano huo ulilazimika kuchagua sauti moja. Upande mmoja alisimama MUSICAM, na Philips, mwenye hisa katika mfumo huo, alikuwa ndani ya muungano. Upande wa pili ilisimama kampuni ya Dolby ya San Francisco na mfumo wake wa AC-3, ambao watu wa sinema walikuwa wameusikia mwaka mmoja kabla katika filamu ya Batman Returns.

AC-3 ikashinda. Iliingia katika kiwango cha ATSC cha mwaka 1995, na Desemba 1996 FCC ikakipitisha kiwango hicho kwa televisheni ya Marekani. Watetezi wa uamuzi ule husema ulikuwa wa kiufundi: AC-3 ilibeba sauti ya chaneli sita, ile ya sinema, kwa biti 384,000 tu kwa sekunde. Wapinzani hukumbusha kwamba waamuzi walikuwa na maslahi yao. Si siri kwamba MIT, mshiriki wa muungano uliochagua, baadaye iliidai Dolby fedha mahakamani kutokana na makubaliano ya wakati ule, na mwaka 2002 wakapatana kwa malipo yaliyoripotiwa kukaribia dola milioni 30. Kwa maoni yangu mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Mfumo unaweza kuwa mzuri na uamuzi wa kuuchagua ukawa na harufu ya fedha. Mwanahistoria halazimiki kuchagua kimoja.

Ulaya walikuwa wameunda mradi wao, DVB, Septemba 1993. Uingereza ilipoanza televisheni ya dijitali ya antena Novemba 1998, sauti ilikuwa Tabaka la II, na nchi nyingine nyingi za Ulaya zikafuata. Australia ilianza mwaka 2001 kwa mfumo wa Ulaya lakini ikaruhusu sauti zote mbili, hata chaneli moja ikaweza kubeba Tabaka la II na AC-3 kwa wakati mmoja. Japani ilipoanza Desemba 2003 ilichukua njia ya tatu, sauti ya AAC. Basi hesabu ikawa hivi: picha moja, sauti tatu. Kompyuta yenye kisimbuzi cha MPEG-2 ingeonyesha picha ya New York, ya London na ya Tokyo bila kubagua. Kusikia kulitegemea imezaliwa wapi.

Kulikuwa na mtego mwingine mdogo uliowachosha watengenezaji wa programu. Data ya televisheni ya dijitali huja ikiwa na orodha inayoeleza kila mkondo ni wa nini, na kila aina hupewa namba. Wamarekani waliipa AC-3 namba 0x81. Wazungu wa DVB, walipoiruhusu AC-3 baadaye, hawakuitumia namba hiyo. Waliiweka chini ya 0x06, ambayo maana yake ni data binafsi tu, kisha wakaongeza maelezo ya pembeni yanayosema kwamba hii ni AC-3. Programu iliyoandikwa na Mmarekani kwa ajili ya Wamarekani ingeiona namba 0x06, isisome maelezo ya pembeni, ikapita. Kisimbuzi kipo, sauti ipo, lakini havikutani. Mtu anayesoma lugha ataielewa hali hii haraka: ni neno lilelile, ila limeorodheshwa katika kamusi chini ya herufi nyingine.

Sasa tuingie sebuleni. Oktoba 2002 Microsoft ilitoa toleo la Windows XP lililoitwa Media Center Edition, likiwa na rimoti na ukurasa mkubwa wa kusomeka kutoka kwenye kochi. Wazo lilikuwa kwamba kompyuta ichukue nafasi ya kinasa video na redio ya nyumbani. Lakini ndani ya toleo hilo hapakuwa na kisimbuzi cha MPEG-2 cha Microsoft yenyewe. Mwenye kuunda kompyuta alipaswa kukipata kwa kampuni nyingine, kwa kawaida pamoja na programu ya kuchezea DVD.

Sababu ilikuwa hataza. Hataza za MPEG-2 zilikuwa za makampuni mengi, na tangu 1997 zilikusanywa katika kapu moja lililosimamiwa na kampuni ya MPEG LA. Kwanza kila kisimbuzi kilitozwa dola 4. Tangu 2002 dola 2.50, na tangu 2010 dola 2. AC-3 ilikuwa na leseni yake kando, kwa Dolby. Kwa mtu mmoja dola mbili si fedha nyingi. Kwa kampuni inayouza nakala milioni mia za mfumo endeshi, ambazo wengi wa wanunuzi wake hawataunganisha antena maishani, ni fedha ya kufikiriwa mara mbili. Gharama ikasukumwa kutoka kwa Microsoft kwenda kwa watengenezaji wa kompyuta, na kutoka kwao kwenda kwa mnunuzi.

Hapa ndipo ukimya wa kompyuta ulipopata sura yake maarufu. Windows ilicheza video kwa utaratibu ulioitwa DirectShow. Mtu anapofungua chaneli, mfumo hujenga mnyororo wa vipande: cha kwanza hupokea data, cha pili hutenganisha picha na sauti, kinachofuata husimbua, cha mwisho hupeleka kwenye spika. Kila kipande kilichomo katika kompyuta kina namba ya daraja lake, na mfumo humchagua mwenye daraja la juu kuliko wote. Si lazima awe hodari. Inatosha awe amejipandisha juu. Kila programu ya DVD iliyosakinishwa ilikuja na visimbuzi vyake na kuviweka daraja la juu. Leseni ya majaribio ya siku 30 ikiisha, kisimbuzi kilibaki palepale juu kikikataa kazi, na kile kizima kilichokuwa chini yake hakikuitwa. Visimbuzi vingine vilifungwa visifanye kazi nje ya programu vilivyokuja nayo. Vingine vilijua AC-3 tu, kwa sababu vilitengenezwa kwa ajili ya DVD, na mtu wa Ulaya aliyefungua chaneli yenye Tabaka la II akabaki na picha.

Kwa hiyo fundi wa miaka ile alifanya kazi inayofanana sana na yetu ya nyaraka. Microsoft ilitoa kifaa kilichoitwa GraphEdit, kilichochora mnyororo wote kwenye kioo. Fundi alisoma kutoka mwisho kuelekea mwanzo: spika imepokea kutoka kwa nani, huyo amepokea kutoka kwa nani, na mkondo wa sauti ulipoingia ulikuwa wa aina gani. Mahali mnyororo ulipokatika ndipo palipokuwa na ukweli. Dawa ilitegemea alichokiona: kuondoa kisimbuzi kilichokufa, kushusha daraja lake, au kuleta kingine. Kuna hali moja iliyowapoteza hata wazoefu. Kompyuta ikiwekwa ipitishe AC-3 bila kuisimbua, ili kikuza sauti cha nje kifanye kazi hiyo, spika zilizochomekwa kwa waya wa kawaida hazitoi kitu, na mnyororo wote unaonekana mzima. Hakuna kilichovunjika, sauti imetumwa mlango mwingine.

Windows Vista ya 2007, katika matoleo yake ya nyumbani ya bei ya juu, ilibeba visimbuzi ndani. Windows 7 ya 2009 iliongeza AAC na picha ya H.264. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya neema, nayo haikudumu. Mwaka 2012, Windows 8 ilipokaribia, Microsoft ilitangaza kwamba Media Center itauzwa kando na kwamba mfumo hautacheza DVD peke yake. Ilitaja wazi mirabaha ya visimbuzi na kupungua kwa watumiaji. Windows 10 ya mwaka 2015 haikuwa na Media Center kabisa. Gharama ilirudi ilikotoka, kwa mnunuzi.

Njia ya pili ya historia hii ilianzia kwa wanafunzi, nami nakiri kwamba naipenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1996, katika chuo cha uhandisi cha École Centrale nje kidogo ya Paris, wanafunzi waliosimamia mtandao wa mabweni walikuwa na mtandao wa polepole na walitaka mpya. Mradi uliotokana na haja hiyo ulikuwa wa kusambaza televisheni ya setilaiti kwenye kompyuta za wanafunzi kupitia mtandao mpya. Ili wapokee walihitaji kisimbuzi, wakakiandika. Mradi huo ni VideoLAN, na programu yake, VLC, ilitolewa kuwa huria mwaka 2001. Mwaka 2000 Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, alianzisha FFmpeg, ghala la visimbuzi ambalo leo limo ndani ya programu zisizohesabika. Kwa AC-3 kulikuwa na liba52, kisimbuzi huria kilichoandikwa kwa kusoma kiwango chenyewe, maana ATSC iliuchapisha waziwazi. Baadaye watumiaji wa Windows walipata ffdshow, AC3Filter, na mwishoni LAV Filters, vilivyoweka visimbuzi hivyo huria katika mnyororo wa DirectShow.

Ushauri wa mafundi ukabadilika. Badala ya kuuliza ni kampuni gani iliyokuuzia kisimbuzi, wakasema: jaribu VLC kwanza. Sauti ikisikika humo, basi kadi, antena na mkondo ni vizima, na kosa liko katika mnyororo wa Windows. Ni jaribio la dakika moja, na nguvu yake inatokana na VLC kubeba visimbuzi vyake yenyewe bila kuomba vya mfumo.

Tusiipake historia hii rangi ya ushindi mtupu. Programu huria haikufuta hataza. Iliishi pembeni yake. Sheria za Ulaya hazikuzitambua hataza za programu kwa upana kama za Marekani, na hilo lilisaidia mradi kukaa Paris. Upande wa pili, kampuni ya Red Hat ya Marekani, ilipotoa toleo lake la 8.0 la Linux mwaka 2002, iliondoa uwezo wa kucheza MP3 kwa hofu ya madai. Mtumiaji wa Linux akakutana na ukimya uleule, safari hii kwa sababu za kisheria tupu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2012, wa kompyuta ndogo ya bei nafuu ya Raspberry Pi. Chipu yake ilikuwa na uwezo wa kusimbua picha za MPEG-2 tangu kiwandani, lakini uwezo huo ulifungwa. Mwenye kuutaka alinunua msimbo wa kuufungua kwa pauni 2.40. Mfano huo unahusu picha, si sauti, lakini hakuna unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba kizuizi hakikuwa cha ufundi.

Wakati watu wanaanza kupumua, viwango vikahama tena. Norway mwaka 2007 na New Zealand mwaka 2008 zilianza kwa H.264 na sauti ya HE-AAC. Ufaransa ilipoanza chaneli zake za antena za ubora wa juu mwaka 2008 ilichukua E-AC-3, mtoto wa AC-3. Kadi ileile iliyofanya kazi miaka mitano ikapokea chaneli mpya na kutoa picha isiyo na sauti, kwa sababu data ya HE-AAC ilifungwa katika bahasha iliyoitwa LATM, ambayo programu nyingi hazikuwahi kuiona.

Na sisi? Mkataba wa Geneva wa 2006 uliziwekea nchi za kanda yetu ya kimataifa tarehe ya 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa ulinzi wa analojia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Rwanda ilihama mwaka 2014, Kenya na Uganda mwaka 2015. Mfumo uliotawala ni DVB-T2, ingawa Botswana ilichagua mfumo wa Japani mwaka 2013, na kwa hiyo kuweka katika ramani ya SADC mpaka mpya wa aina ile niliyoieleza kati ya Dar es Salaam na Unguja. Mjadala wetu wa hadhara ulihusu bei ya ving'amuzi na nani anamiliki mitambo ya kurushia. Visimbuzi havikutajwa, maana vilikuwa vimefungwa ndani ya kiboksi, na mirabaha yake imo ndani ya bei. Mwananchi alilipa bila kujua amelipia nini. Mwanafunzi aliyechomeka kipokezi cha USB kwenye kompyuta yake ya bwenini ndiye pekee aliyekutana na swali lenyewe uso kwa uso, kwa kuwa kompyuta haifichi mishono yake.

Tofauti hiyo inastahili kuandikwa katika historia ya uhamiaji wetu wa dijitali, ambayo hadi sasa imesimuliwa zaidi kama habari ya siasa na biashara. Kiboksi kilichofungwa kilitupa utulivu, na hilo si jambo dogo. Lakini pia kilituondolea nafasi ya kuuliza sauti ya televisheni ni mali ya nani.

Hataza za kizazi cha kwanza zimekwisha. Utoaji wa leseni za MP3 ulikoma Aprili 2017. Hataza za AC-3 zilifikia mwisho Machi mwaka huohuo. Za MPEG-2 nchini Marekani zilimalizika Februari 2018. Leo mtu yeyote anaweza kuandika kisimbuzi cha Tabaka la II au cha AC-3 na kukigawa bila kumwomba mtu ruhusa.

Wakati huohuo Marekani na Korea Kusini zimechukua kiwango kipya kimoja, ATSC 3.0. Korea Kusini ilianza kurusha Mei 2017. Nchi zote mbili zinabana picha kwa njia moja, HEVC. Kwa sauti, Marekani imechagua AC-4 ya Dolby, na Korea Kusini imechagua MPEG-H, iliyobuniwa kwa sehemu kubwa na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani. Kisimbuzi kimoja cha HEVC kinatosha kuonyesha picha za Seoul na za Chicago. Vya sauti vinahitajika viwili, na hataza za vyote viwili bado ni changa.